Mbegu ya Ama, Mwaka wa Wangojaji

Enzi zetu mwaka haukuwa na namba, ulikuwa na chakula. Ukiniuliza haya ninayoyasimulia yalitokea mwaka gani, nakujibu: mwaka wa mwisho wa ugali wa njano. Wenzangu wa rika langu mnaujua. Unga wa mahindi ya msaada, ule tuliouita yanga, unanuka gunia na safari ndefu. Ukiusonga unavutika, ukiuacha upoe unakuwa jiwe. Tuliula na mlenda, tukaula na maziwa ng'ombe walipokuwa nayo, tukaula mkavu. Watu walisema ukimrushia mbwa tonge la yanga, anabweka kwanza ndipo anakula.

Na mwaka huohuo, kabla hatujaumaliza ule unga, sukari ikarudi madukani Dongobesh. Hiyo ndiyo alama ya pili ya kuujua mwaka wenyewe. Tulizoea kupanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika kwa ajili ya kipande cha sabuni, na ukifika dirishani unaambiwa imekwisha, kwa hiyo nguo tulifua kwa majivu. Mara tukasikia ruksa. Kila kitu ruksa. Wafanyabiashara wakaingia na mitumba, viatu vya plastiki vya rangi, mafuta ya kujipaka yanayonukia, betri za redio. Nilimwona mwanamke mzima mnadani amekumbatia mche wa sabuni kama mtoto mchanga, analia. Mimi nilinunuliwa gauni la mtumba lenye mfuko kifuani. Sikuelewa mtoto wa Ulaya alikuwa anaweka nini hapo. Mimi niliweka bisi.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado. Tulikuwa Mkoa wa Arusha, na Arusha yenyewe tuliisikia tu, kama mtu anavyosikia habari za mbinguni.

Kwetu ni Bashay, huko Mbulu. Asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni pembe za ng'ombe unayemchunga, unamfuata kwa kusikia anavyong'oa majani. Tuliishi na Ama. Ama ndiye bibi, ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita, na huyu alikuwa mama wa baba yangu. Nimesema tuliishi naye, maana nyumba ilikuwa yake na hakumwacha mtu asahau. Mrefu, mkavu, ana sauti ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde, naye ng'ombe anarudi.

Juu ya jiko lake, kwenye miti ya dari, yalining'inia mahindi ya mbegu. Mahindi meupe ya kwetu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, yamekuwa meusi kwa moshi kama yamepakwa lami. Moshi ndio uliokuwa dawa. Hakuna mdudu aliyethubutu. Miaka yote ile ya njaa, tulipochemsha majani ya maboga bila chumvi, yale mahindi yalikuwa juu yetu yanatutazama. Nililala chali nikiyaangalia mate yakinitoka. Hakuna aliyegusa. Na desturi ilikuwa kali: mbegu ya jikoni hushushwa na mama mwenye nyumba, si mwingine. Mwanamume akiinua mkono kuishusha ni sawa na kutangaza kwamba huyo mama amekufa. Baba yangu alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na watoto, lakini mbele ya yale mahindi alikuwa mtoto kama mimi.

"Anayekula mbegu," Ama alikuwa anasema, "anamla mjukuu wake."

Sasa niwaambie habari ya Sabato, maana bila hiyo hamtanielewa. Bonde letu lilikuwa na Wakatoliki upande huu na Walutheri upande ule, na wazee waliobaki na maombi yao ya zamani. Sisi tulikuwa Wasabato. Baba aliipata dini hiyo kwa muuza vitabu, mtu wa Upareni, aliyefika kwa miguu na sanduku kichwani. Mvua ikamzuia kwetu. Mvua ilipokatika, Baba alikuwa ameacha pombe, tumbaku na kazi ya Jumamosi. Ama alicheka. Lakini alipoona mwanawe harudi tena kwa kutambaa kutoka kilabuni, naye akaenda kubatizwa mtoni. Akasema, "Dini inayomrudisha mwanamume nyumbani kwa miguu yake miwili, hiyo naitaka."

Ijumaa kwetu ilikuwa vurugu tupu. Maji yachotwe, kuni zipasuliwe, nyumba ipakwe, watoto waogeshwe, yote kabla jua halijazama, maana Sabato inaanza na machweo. Makande yalipikwa Ijumaa kwenye chungu kikubwa, yakaachwa juu ya majivu ya moto, na Jumamosi tukayala ya vuguvugu. Makande yaliyolala kwenye majivu yana utamu ambao jiko la gesi halitaujua mpaka dunia iishe. Shuleni, huko nilikoishia darasa la nne, walituzomea: "Sabato, Sabato, kula jana leo!" Nasi tukawajibu: "Jumapili, Jumapili, njaa mara mbili!" Tukapigana kidogo, tukagawana miwa.

Lakini ng'ombe hawana dini. Ng'ombe anataka malisho Jumamosi kama anavyoyataka Jumatatu. Hapo ndipo Ama alipopatana na jirani yetu, Mama Paskalina, Mkatoliki wa rozari shingoni. Jumamosi binti yake, Paskalina, aliyekuwa rika langu, alichunga ng'ombe wetu pamoja na wao. Jumapili mimi nilichunga wao pamoja na wetu, naye akaenda misa na gauni jeupe. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kuombana. Kumwambia mtu akufanyie kazi siku ya Sabato ni dhambi, na Ama hakutaka dhambi. Kwa hiyo Ijumaa jioni alilegeza tu mti wa mlango wa zizi. Asubuhi Paskalina akipita na ng'ombe wao, wetu wanausukuma ule mti na kumfuata.

"Mimi sikumtuma mtu," Ama alisema, macho juu. "Ng'ombe wamependa wenyewe."

Kanisa letu lilikuwa la udongo, bati juu, mabenchi ya magogo. Sisi watoto tulivutwa na kitambaa. Kilitundikwa ukutani, kina picha ya sanamu ya mtu: kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, miguu ya chuma, nyayo nusu chuma nusu udongo. Pembeni kulikuwa na simba mwenye mabawa, na mnyama mwingine mwenye pembe nyingi kuliko zizi zima. Paskalina alikuja siku moja kuchungulia dirishani, akaniambia kwa wivu, "Sisi kwetu hatuna simba anayeruka."

Baba ndiye aliyetufundisha chanzo cha dini yetu. Alisimama mbele na fimbo ya kuonyeshea, akasema imezaliwa na watu waliongoja. Huko Amerika, zamani za mababu wa mababu, mkulima mmoja alisoma Biblia, akapiga hesabu, akasema Yesu anarudi. Watu wa makanisa mengi wakamwamini, na mwishowe ikatajwa siku yenyewe. Wengine wakafunga maduka. Wengine wakaacha viazi ardhini, wakasema kuvuna ni kukosa imani. Siku ikafika. Wakangoja mpaka kukapambazuka. Hakuja. Wakalia, Baba alisema, kama watu waliofiwa na ukoo mzima.

"Na viazi?" Ama akauliza, kanisa zima likisikia.

"Mama?"

"Viazi walivyoviacha. Nani alivila?"

Baba akairudisha fimbo kwenye kitambaa. Akaendelea. Akasema waliobaki waligawanyika kama njia za ng'ombe: zizini inatoka njia moja, ikifika mteremkoni kila kundi linakanyaga yake. Wengine walirudi makanisa walikotoka. Wengine wakapiga hesabu upya, na upya tena. Wengine waliendelea kumngoja Bwana huku wakiishika Jumapili yao. Wengine wakasema siku ilikuwa sahihi, ila tendo lenyewe lilifanyika mbinguni ambako macho hayafiki. Katika hao, kundi dogo likajifunza Sabato kutoka kwa mama mmoja wa dhehebu jingine, na kati yao alikuwapo msichana dhaifu wa mwili aliyeona maono. Hilo ndilo likawa sisi. Hata sisi tukaja kukatika tena: wakati wa vita kuu ya Wazungu, waliokataa kabisa kushika bunduki wakaenda njia yao. Nasi Usabato ukatufikia, Upareni kwanza, na upande wa Ziwa Viktoria, mpaka ukapanda Mbulu ndani ya sanduku la muuza vitabu.

Niliyapenda masimulizi hayo kuliko hadithi za fisi. Ama alibaki na viazi vyake. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliguna: "Wanaacha chakula kioze, wanamngoja mwenye chakula. Hm."

Basi, mwaka ule wa sukari akaja mtu aliyejiita Mwalimu Eliya. Hakuwa mwalimu wa shule, wala hakutumwa na kanisa letu wala la mtu mwingine. Alishuka kwenye basi Dongobesh amevaa suti ya mtumba na viatu vyeupe, na kitambaa chake cha wanyama kilikuwa kikubwa kuliko chetu. Akaanza kuhubiri kwamba hii ruksa ndiyo alama.

"Hamkuona?" alipaza sauti. "Jana hapakuwa na sabuni. Leo watu wananunua na kuuza kama siku za Nuhu. Mlango unafungwa!"

Msiwacheke waliomwamini. Ukitoka kwenye njaa ya miaka, ghafla ukaikuta sukari imejaa dukani, lazima ujiulize ni nani aliyeimwaga na anataka nini. Watu wetu waliiogopa shibe kuliko walivyoiogopa njaa. Njaa walikuwa wameizoea.

Mwalimu Eliya akataja siku. Ilikuwa Jumamosi, karibu na mwanzo wa mvua. Akasema wateule wangojee kwenye Mlima Hanang, maana ndio mrefu kuliko yote tunayoiona. Waliomfuata tukawaita Wangojaji. Na Baba yangu, aliyekijua chanzo kuliko mtu yeyote bonde lile, aliyewahi kusimama na fimbo yake akasimulia jinsi wenzao walivyolia, naye akaingia. Nilimsikia akimwambia Mama, "Wale wa Amerika walikosea hesabu. Huyu hajakosea." Mama alikuwa anamnyonyesha mdogo wangu. Akamhamishia titi la pili.

Amri ya Mwalimu Eliya ilikuwa hii: hakuna kulima, na mbegu yote ishushwe, ipikwe, iliwe katika karamu ya kuaga, mtu asiwe na sababu ya kutazama nyuma. Nyumba kadhaa zikashusha. Fikiria harufu ya mahindi meupe inapita bondeni baada ya miaka ya yanga. Nililia nikitaka na sisi tushushe. Ama alinipa tonge la njano, akasema, "Kula, unyamaze."

Mchana mmoja Baba akamleta Mwalimu Eliya jikoni kwa Ama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa chini, kichwa chako kinagusa mbegu yangu."

Akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. "Mama, tumekuja kwa ajili ya hiyo mbegu."

"Mmewahi. Msimu bado."

"Hakutakuwa na msimu, mama."

"Ulisema unatoka wapi, baba?"

"Mbali."

"Huko mbali, mama yako ameshakula mbegu yake?"

Mwalimu Eliya akatazama viatu vyake. Baba akasema, "Mama, usimjibu hivyo mtumishi wa Mungu."

"Simjibu. Namuuliza."

Baba akasimama. Akatazama juu, kwenye yale mahindi meusi. Niliuona mkono wake ukiinuka. Mimi nilikuwa kwenye kona na kuku, nikajua kwamba ule mkono ukifika, hatuna shamba mwaka ule wala mwaka unaofuata, na pia sijui kama tungekuwa na bibi. Ama hakupiga kelele. Alichochea moto tu.

"Inua, mwanangu," alisema. "Niko hai, lakini inua."

Mkono ukashuka.

"Basi iache mbegu," Mwalimu Eliya akasema, sauti laini. "Njoo wewe mwenyewe mlimani, mama. Utaachwa."

"Siendi. Aliyeniumba anajua ninapokaa."

Walipotoka nje, Baba akarudi peke yake akapiga magoti mlangoni. Huyu mtu alimpenda mama yake. "Nitakubeba mgongoni, Mama. Mpaka juu."

"Siendi. Aliyeniumba anajua ninapokaa." Kisha akanionyesha kwa kidole. "Na Rahel niachie. Ana kikohozi, mlimani kuna baridi."

Sikuwa na kikohozi. Nikaanza kukohoa papo hapo.

Waliondoka katikati ya wiki wakiimba, mablanketi begani, bila jembe, bila chakula. Mama alikuwa wa mwisho, mtoto mgongoni. Aligeuka mara moja akatutazama. Ama alimwinulia mkono, halafu akaingia ndani, nikamkuta ameegemea nguzo ya kati amefumba macho. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa. Nani atashika plau? Yeye mzee, mimi kitu kidogo chenye gauni la mfuko kifuani. Na udongo wetu hausubiri mtu. Mvua ya kwanza ikinyesha unapanda. Ukichelewa, unavuna mabua ya kulisha ng'ombe.

Ijumaa mchana ikanyesha. Ilianza kwa harufu, halafu upepo, halafu bonde lote likapotea. Ilipopungua, Ama alitoka akalitazama jua. Lilikuwa limebaki kidogo juu ya kilima. Akaingia ndani haraka kama msichana, akanyoosha mikono yake mwenyewe, akaanza kushusha mbegu.

Tulipukuchua tukishindana na jua. Vidole gumba vilichubuka. Masizi ya yale mahindi yalitupaka mpaka puani. Mengine aliyaacha palepale juu. "Mbegu haishushwi yote," alisema. Jua lilipogusa kilima, alimimina punje kwenye ungo mkubwa na vibuyu, akavipanga kizingitini, nje kabisa, chini ya ukingo wa paa.

"Ama, kwa nini nje?"

"Inaanikwa."

"Ama, mvua inanyesha."

"Inaanikwa."

Jumamosi asubuhi tulikaa mlangoni tumevaa nguo za Sabato. Kanisani hatukwenda, maana nusu ya kanisa ilikuwa mlimani. Mama Paskalina akaja na mume wake, na majirani wengine, Walutheri na wazee wa zamani, na ng'ombe wawili wawili wa kukokota plau. Akasimama uani, rozari shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu."

"Naona mbegu inaanikwa."

"Inaanikwa."

"Ikianikwa kule shambani, si itapata hewa zaidi?"

"Mimi shamba silioni leo," Ama akasema. "Leo Sabato."

Mama Paskalina akainama, akabeba ungo. Mume wake akabeba vibuyu. Hakuna aliyemwomba mtu kitu. Ama akageuza kigoda chake, akalipa shamba mgongo, akaanza kuimba. Nami nikamfuata. Nyuma yetu nilisikia plau ikipasua udongo, mijeledi, watu wakitaniana, na Paskalina akiita jina langu makusudi ili nigeuke.

"Usitazame," Ama alisema katikati ya wimbo. "Ukitazama, umesimamia."

Shida ilikuwa moja. Kwetu kazi ya pamoja ni pombe. Unaita watu shambani, unawapikia pombe, ndivyo ilivyo tangu zamani. Sisi Wasabato hatupiki. Chungu cha makande kilikuwa uani, eti kilikuwa kizito kukirudisha ndani tangu jana. Mzee mmoja alilalamika kwa sauti, "Kulima bila pombe ni kifungo!" Lakini nilimsikia akikwangua chungu, na alirudi kukikwangua tena.

Mchana nikashindwa kuvumilia. "Ama, amri inasema hata mgeni wako asifanye kazi siku hii."

"Mgeni, ndiyo. Hao ni majirani. Majirani hawakutajwa." Akamalizia ubeti aliokuwa akiimba. Halafu akasema polepole, "Na kama ni dhambi, ni yangu, si yako. Wewe kohoa."

Jumapili wao walipokwenda misa, tulichunga ng'ombe wa bonde zima. Ama akafagia uwanja wa Mama Paskalina, akamjazia mitungi yote maji. Nao hawakutuomba.

Wangojaji walirudi Jumatatu mchana, kwenye matope. Niliwaona kutoka malishoni wakiwa bado wadogo kama siafu, na sikuwasikia wakiimba. Nikakimbia. Mama alikuwa mbele. Nikamshika mdogo wangu mguu chini ya kanga; ulikuwa wa moto, ukanipiga teke. Wenzangu, hakuna teke tamu kama lile.

Mama alitusimulia. Walingojea mteremkoni, juu ya kijiji cha Dirma, mvua ikawachapa tangu Ijumaa mchana, na kule juu ikaendelea Jumamosi yote. Jumapili wafugaji wa kule chini wakawakuta wanatetemeka, wakawaingiza kwenye boma lao. Mzee wao aliwauliza wanamngoja nani. Wakamweleza. Mzee akawatazama mmoja mmoja. "Mgeni mkubwa hivyo," akasema, "mnamngoja bila maziwa?" Akawapa maziwa wanywe, akawaonyesha njia.

Baba alifika mwisho kabisa. Alisimama kwenye ukingo wa shamba akaitazama ile mistari, imenyooka, udongo mweusi umefunikwa vizuri. Akakaa chini kwenye tope kama mtu aliyetua mzigo aliobeba tangu kuzaliwa. Ama akamfuata.

"Nani amepanda, Mama?"

"Sijui. Mimi nilikuwa Sabato."

Baba akaficha uso. "Hakuja."

"Atakuja," Ama akasema. "Hakusema asikute mahindi shambani. Inuka, makande yapo."

Hakumcheka. Hakuna aliyemcheka, hata yule mzee wa pombe. Wale waliokula mbegu zao walianza kuja mlangoni kwetu wakiwa wameinamisha vichwa, wanaume peke yao. Ama aliwarudisha. "Aje mama mwenye nyumba," aliwaambia. Walipokuja wake zao, akayashusha mahindi yaliyobaki, akawagawia, akabakiza mawili tu ya kuning'inia, dari isione aibu.

Mwalimu Eliya hatukumwona tena. Walisema alipandia basi Katesh, chini ya mlima, bila vile viatu vyeupe. Na Wangojaji? Ilikuwa Amerika ileile, ila kwa Kiiraqw. Wengine walirudi kwenye kanisa letu la udongo, wakakaa benchi la nyuma. Wengine wakarudi kwa Walutheri. Wengine walisema hesabu ilipotea kidogo, wakapiga upya. Familia moja ilisema siku ilikuwa sahihi, sisi ndio tusio na macho. Wanasali peke yao mpaka leo, na ni watu wazuri sana, hodari wa kufuga nyuki.

Muda mrefu baadaye Baba alisimama tena mbele na fimbo yake. Akasimulia chanzo tangu mwanzo. Alipofika kwenye viazi akasimama, akamtazama mama yake.

"Nimemuuliza mchungaji, Mama. Anasema inasimuliwa kwamba mwaka ule waliovuna mapema viazi viliwaozea. Vilivyoachwa ardhini ndivyo vilivyopona."

Kanisa lote likamgeukia Ama. Akafikiri.

"Viazi, sawa," akasema. "Mahindi je?"

Tulicheka mpaka bati likalia. Baba naye alicheka, na nilipomwona anacheka nikajua kwamba sasa amerudi kutoka mlimani.

Hayo ndiyo ya enzi zetu. Siku hizi tuna mkoa wetu wenyewe, Babati ina taa barabarani, na sukari haimtishi mtu. Nabii hahitaji tena kupanda basi mpaka Dongobesh. Anaingia kwenye simu. Kila wiki mjukuu wangu mmoja ananionyesha mwingine mwenye suti, anataja siku. Njia za ng'ombe zimekuwa nyingi kuliko ng'ombe. Vijana hawa wanajua kila tawi la kila dini, lakini waambie watafute kuni Ijumaa kabla ya machweo, uone watakavyopotea. Mbegu nazo zinanunuliwa kwenye pakiti, zina rangi ya waridi kama kucha za bibi harusi, na ukizihifadhi ukapanda tena mwakani zinakuzalia magunzi. Paskalina alikufa. Watoto wake na wangu wanasalimiana kwa simu, sijui kama wanajua nani alimchungia nani.

Mimi niliolewa ng'ambo ya bonde lilelile. Juu ya jiko langu mahindi yananing'inia, meupe ndani, meusi nje, uzao wa yale mawili. Wajukuu wakija wanaziba pua, wanasema nyumba ya bibi inanuka moshi. Wakishiba makande yangu wanasahau pua. Nina wajukuu wazuri, siwasifii bure, wamesoma kuliko bonde zima la wakati wetu.

Mwanangu amejenga Babati, nyumba ya vigae, maji ndani ya ukuta. Mwezi uliopita alikuja na gari kunichukua, na binti yake mkubwa akanishika mkono, machozi yanamlenga. "Bibi, huku uko peke yako. Siku ikifika, nani atajua?" Nikamtazama mtoto yule mzuri. Nikatazama juu, kwenye mbegu. Nikamjibu nilivyofundishwa.

"Siendi. Aliyeniumba anajua ninapokaa."